Madini Yanayoliwa na Hewa

Chupa ya maji ya chokaa ikiachwa wazi kule maabara, baada ya siku chache utakuta juu yake utando mweupe. Wengi wetu huyamwaga tukisema yameharibika. Ebu ngojeni kwanza! Utando huo unatueleza kwa nini madini fulani ni adimu sana duniani, ingawa kitu chenyewe tumekipaka ukutani.

Madini hayo huitwa portlandaiti. Ni kalsiamu haidroksaidi, Ca(OH)₂, yaani chokaa iliyokwisha kumwagiwa maji, ila hii imejiumba ardhini bila tanuri wala fundi. Mtaalamu C. E. Tilley aliyaeleza mwaka wa 1933, baada ya kupatikana Scawt Hill, Ireland ya Kaskazini. Pale mwamba ulioyeyuka kwa joto ulipenya katika mawe ya chaki ukayachoma, kama vile wachomaji chokaa wa pwani yetu wachomavyo matumbawe. Jina lilitokana na saruji ya Portland, kwani saruji ikichanganywa na maji huzaa kitu hiki hiki.

Fuwele zake ni bapa, zina pembe sita, nyeupe au zisizo na rangi, na hubanduka tabaka tabaka mithili ya ulanga. Ni laini, kisu huzikwaruza bila taabu. Lakini sifa inayonifurahisha mimi ni hii: sukari huyeyuka upesi katika chai moto, sivyo? Basi hii ni kinyume! Lita moja ya maji ya nyuzi 20 huyeyusha kama gramu 1.7, lakini maji yanayochemka hayafikishi hata gramu moja. Chemsha maji ya chokaa yaliyokolea uone yanavyochafuka. (Vaa miwani, chokaa machoni si mzaha.)

Sasa, ule utando. Kaboni dayoksaidi ya hewani hukutana na chokaa na kuigeuza kalsiamu kaboneti:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Portlandaiti ikifunuliwa hupatwa na yayo hayo, ikarudi kuwa jiwe la kawaida. Ndiyo maana haionekani ovyo.

Ndani ya zege, chokaa hii hulinda vyuma visishike kutu. Hewa ikiila hadi kwenye chuma, ulinzi umekwisha. Lakini plasta ya chokaa katika nyumba za kale za Lamu ilipata ugumu wake kwa kuliwa huko huko.