Somo la Wiki: Mtaro Umeziba, Tumwambie Nani?

Leo tunajifunza maneno ya serikali za mitaa Tanzania.

Tuseme mtaro umeziba mtaani kwa bibi, mjini Korogwe, na mvua za masika zimekaribia. Usipozibuliwa, maji yataingia nyumbani. Bibi huanza kwa mwenyekiti wa mtaa, anayechaguliwa na wakazi kwa miaka 5. Mtendaji wa mtaa hachaguliwi. Ameajiriwa, naye huandika kumbukumbu. Jambo hujadiliwa kwenye mkutano wa mtaa, ambako mkazi yeyote aliyefikisha miaka 18 anaweza kusema. Pengine wataamua kuzibua wenyewe kwa majembe. Zikihitajika fedha nyingi, diwani wa kata hulifikisha jambo hilo kwenye baraza la madiwani, linalopitisha bajeti ya halmashauri ya mji.

Kumbuka: aliyechaguliwa anaweza kuondolewa kwa kura. Ndiyo maana hatakiwi kupuuza mtaro wa bibi.

Zoezi
1. Mwenyekiti na mtendaji wana tofauti gani?
2. Mpigie simu bibi, babu au shangazi. Umuulize: mtaani kwenu kero kubwa ni ipi, na mmemwambia nani?
3. Hapa tunapoishi, shimo la barabarani huripotiwa wapi?