Kabla hajashuka, ajue kukupandisha

*Shikamoo Mjomba,*

*Mimi ni mkaazi wa Nungwi, umri wangu miaka 34, kazi yangu kupeleka wageni Mnemba kwa boti kutazama samaki. Kuzama kwa pumzi, bila mtungi wa hewa, nilionyeshwa kwanza na mgeni Mtaliano, halafu nikasoma kozi nikapata cheti cha mwanafunzi. Cheti cha kufundisha sina. Mita 30 nafika bila taabu.*

*Kuna kijana wa hapa mtaani, miaka 17, ameniganda nimfundishe. Anaogelea vizuri mno, video za wazamiaji anatazama usiku kucha, na wenzake wanashindana nani atakaa chini zaidi. Nilimkatalia, akaniambia, "Usiponifundisha, Kaka, nitakwenda mwenyewe." Mama yake naye akaja, akasema amenikabidhi mimi, heri awe baharini na mimi kuliko kushinda maskani. Basi nikaanza naye kidogo kidogo. Mjomba, kifua anacho kuliko mimi nilipoanza. Nadhani mita 20 atafika kabla Kaskazi haijaingia. Wiki iliyopita alishuka kama mita 15, akarudi midomo ya buluu, kichwa kinamcheza, mikono inamtetemeka. Halafu akacheka, akasema hakumbuki alivyofika juu. Tukacheka sote. Usiku sikulala.*

*Ni haki mimi kumfundisha mchezo unaoua? Na nikimwacha, akaenda peke yake akafa, damu yake si juu yangu? Tena kuna wageni wa hoteli wanataka niwashushe kwa dola. Nifanyeje?*

*Mpiga mbizi, Nungwi*

Marahaba, mpwa wangu.

Umeniuliza kama ni haki kumfundisha, na huku umeshaanza. Kwa hiyo nitaliacha kwanza swali lako, nikushike kwenye hizo mita 15, kwa sababu naona ndizo zilizokunyima usingizi.

Ule mtetemo mliouchekea una jina. Wazamiaji wa mchezo huu huuita samba, kwa jinsi mwili unavyotikisika. Maana yake ubongo umebakiwa na oksijeni kidogo kiasi kwamba hauwezi tena kuamrisha viungo. Hatua inayofuata ni kuzirai, na anayezirai ndani ya maji asiposhikwa huzama. Kijana wako hakukumbuka alivyofika juu kwa sababu fahamu zilikuwa zimeanza kumtoka. Angechelewa sekunde chache tu, leo ungeniandikia barua ya namna nyingine.

Jambo hili huwadanganya hata watu wazima, na nadhani ulisomeshwa kwenye kozi yako, lakini turudie. Mtu akifika mita 10, shinikizo linakuwa mara mbili ya lile la juu, na mapafu yanabaki nusu ya ukubwa wake. Akifika mita 20 yanabaki theluthi. Shinikizo hilo huisukuma oksijeni iliyomo mapafuni iingie kwenye damu, kwa hiyo kule chini anajiona mzima, ana nguvu, anataka aendelee. Mambo hugeuka wakati wa kupanda. Mapafu yanapanuka, shinikizo linaanguka, na anguko kubwa kuliko yote liko kwenye mita 10 za mwisho, pale anapouona mwanga na kudhani amefika. Ndiyo maana wengi huzirai karibu kabisa na uso wa maji, na wengine huzirai wakiwa wameshatoa kichwa na kuvuta pumzi.

La pili ni hamu ya kuvuta pumzi. Haitokani hasa na oksijeni kupungua. Huletwa na kaboni dioksaidi kuongezeka mwilini. Anayehema haraka haraka kabla ya kuzama huitoa gesi hiyo, na oksijeni haiongezeki kwa maana yoyote. Anakaa chini muda mrefu zaidi kwa sababu amezima king'ora, basi. Muulize kijana wako leo hii kama huhema hivyo. Kijana anayeshindana na wenzake kwa kufuata video, mimi naweka dau kwamba hufanya.

Sasa haki. Unasema yeye ametaka na mama yake ameridhia. Alichokitaka ni kile alichokiona kwenye simu: mtu anateleza kwenye buluu, kimya, mzuri. Samba hakuitaka kwa kuwa hajui kama ipo. Ilimpata mbele yako akaidhani mzaha. Mama yake kwa "nimekukabidhi" alimaanisha umtoe vibarazani. Hakuna kati yao aliyekubali hatari hii, maana hawajaelezwa. Watu watatu mmo katika jambo hili na anayeijua ni mmoja, nawe ulicheka. Sikulaumu kwa kicheko chenyewe, hofu mara nyingi hutoka hivyo, lakini uzito wote uko mabegani mwako mpaka utakapowaambia wenzako.

Tishio lake la kwenda mwenyewe lisikuyumbishe. Vijana wa umri huo hulitumia kila mahali, kwenye pikipiki na kwenye mpira na kwenye mapenzi. Halikufungi umfundishe kina. Linakufunga kitu kidogo zaidi, nacho utampa leo barazani, hata kama hamtaingia majini pamoja tena: asizame peke yake hata siku moja, asizame na mtu anayemtazama kutoka ufukweni, asiheme haraka kabla ya kushuka, na apumzike juu ya maji angalau mara mbili ya muda aliokaa chini. Mwite na wale anaoshindana nao. Ukishawaambia hayo wakaelewa, halafu akakaidi, hapo siwezi kukwambia damu yake iko juu yako. Ukinuna, ukanyamaza, ukamwacha na video zake, hapo nitasita kidogo.

Ukiamua kuendelea naye, nina sharti moja ambalo silipunguzi: kabla hajashuka tena, awe na uwezo wa kukupandisha wewe.

Fikiri mko nje ya mwamba, wewe na yeye. Yeye akishuka, wewe uko juu unamwangalia. Ukishuka wewe, nani anakuangalia? Umezoea kwenda mita 30, naye mita 15 zilitosha kumtia samba. Ukizirai, ama atashuka kukufuata mfe wote wawili, ama ataganda juu akikutazama unavyokwenda chini. Kwa hiyo siku mnayotoka wawili tu, kina chako wewe mwalimu ni kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifikia na kurudi na mzigo. Walimu wengi hili huwachoma, kwa sababu wanadhani kufundisha ni kumwonyesha mtu unavyofika mbali.

Hata mabingwa bahari huwachukua. Natalia Molchanova wa Urusi alikuwa na rekodi 41 za dunia katika mchezo huu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka mita 100 kwa pumzi yake na mapezi yake, mwaka 2009. Tarehe 2 Agosti 2015, karibu na kisiwa cha Formentera cha Hispania, alikuwa ametoka kufundisha watu wasiomkaribia hata kidogo kwa uwezo. Alishuka mwenyewe kwenye kina cha mita 30 na kitu, kina ambacho kwake kilikuwa matembezi ya jioni, na hakuonekana tena. Wengi wanadhani mkondo ulimchukua. Karibu miaka miwili baadaye, Julai 2017, huko Dahab, Misri, Stephen Keenan wa Ireland alikuwa mlinzi wa mzamiaji Alessia Zecchini aliyekuwa akipita chini ya tao la shimo la bahari liitwalo Blue Hole, zaidi ya mita 50 chini. Alimkuta amepotea njia, akamfikisha juu salama, na yeye mwenyewe akafa. Hao walikuwa mabingwa, na kazi yao ilikuwa hii.

Hata zamani ilijulikana hivyo. Wazee wa Ghuba ya Uajemi hawakuwa na vyeti. Wazamiaji wa lulu, na miongoni mwao walikuwamo Waafrika wengi waliopelekwa huko utumwani kutoka pwani yetu, walishuka kila mmoja na mtu wake juu. Anayeshuka aliitwa ghais, na saib alikuwa amesimama chomboni ameshika kamba, anasubiri mtikiso avute. Biashara ile ilikuwa na dhuluma nyingi. Mzamiaji mara nyingi alifungwa na deni la nahodha na mara nyingine alikufa nalo. Lakini hata nahodha aliyemnyonya mtu wake kwa kawaida alimwekea mshika kamba.

Basi anza upya, mahali maji yanapokufika kifuani. Mfundishe kumshika aliyezirai, kumtoa, kuweka uso wake juu ya maji, kumvua miwani, kumpulizia usoni, kumgusagusa shavu na kumwita jina lake umwambie apumue. Asipopumua, ajue kumpulizia pumzi mdomoni, na pwani mtafute mtu wa afya awaonyeshe wote wawili kufufua moyo na mapafu. Halafu jifanye umezirai kwenye mita tatu, kisha tano, kisha kumi, bila kumpa taarifa lini. Yeye akutoe. Hatoweza mwanzoni, mtu mzima aliyelegea ni mzito na mapezi yanagongana. Itachukua muda, atachoka na zoezi lisilopigwa picha, na pengine atakukimbia. Akikukimbia kwa sababu hiyo, umemjua mapema.

Akikaa, tumieni boya na kamba yenye uzito chini, awe anashuka kwa kamba na kina kinajulikana. "Kama mita 15" uliyoniandikia si kipimo. Mmoja chini, mmoja juu, daima. Wewe umpokee njiani anapopanda, mtazamane macho, na akishatoka usimwache kwa nusu dakika nzima hata akikuonyesha dole. Risasi za mkanda zipunguzwe mpaka akitoa pumzi yote juu ya maji bado anaelea, na mkanda ufunguke kwa mkono mmoja. Siku za bamvua, wakati mkondo unapotembea nje ya mwamba, msiende. Ngojeni maji mafu. Hilo la bahari unalijua kuliko mimi. Ukimwona tena na midomo ya buluu, siku hiyo imekwisha, na siku kadhaa zinazofuata pia.

Mita 20 kabla ya Kaskazi, ifute. Sentensi hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko yote katika barua yako, zaidi ya samba, kwa sababu samba ilikutisha na hii imekufurahisha. Kozi ya AIDA, shirika la kimataifa la kuzamia kwa pumzi, inayomfungulia mwanafunzi bahari huishia mita 20, chini ya mwalimu mwenye kibali. Wewe, usiye na kibali, umeshampangia tarehe. Kijana wa miaka 17 anayekuita Kaka atashuka mpaka pale sifa zako zinapomfikisha. Ukimwambia ana kifua, atataka kukithibitisha. Msifu anapogeuka njiani. Siku atakayosema "leo sitaki," ipokee bila kumuuliza kwa nini na bila kumtania mbele ya wenzake, maana ukimtania mara moja hatosema tena.

Nawe jiulize faraghani unapata nini kwake. Huna haja ya kunijibu. Mtu anayekaa kutwa akiwavalisha wageni mapezi, wakamwita "captain" kisha wakamsahau, akipata kijana mmoja anayemtazama kama bingwa, ni tamu. Utamu huo si dhambi. Ila ujue kwamba nao unapiga kura mnapoamua kushuka mita mbili zaidi.

Kwa mama yake nenda wewe, usimtume kijana. Mwambie yaliyotokea wiki iliyopita, kwa maneno aliyozoea, kwamba mwanawe alikaribia kuzirai majini mkononi mwako. Mwambie utakavyofanya tangu sasa, na kwamba akisema hapana, ni hapana mpaka kijana afikie utu uzima wake. Huenda akakugombeza. Huenda akaliondoa kabisa lile neno la kukukabidhi, na itabidi uheshimu. Kama kuna mwalimu mwenye leseni Unguja atakayempokea kwa bei mnayoweza kuchangiana, mpe jina lake hapo hapo. Kumpeleka mwanafunzi kwa anayejua zaidi yako hakukupunguzii kitu.

Wale wageni wa dola, hapana. Huna leseni ya kufundisha, huna bima, humjui mtu amelala vipi wala amekunywa nini jana usiku, na atakuwa na wewe asubuhi moja tu. Waelee juu kwa miwani na bomba, wawaone samaki wa Mnemba, warudi wakale. Anayeng'ang'ania kushuka mpeleke kwenye shule ya kuzamia iliyosajiliwa, na kamisheni yako elewaneni kabla hujampeleka, maana huko nako watu husahau.