Mwanagenzi katika Shule ya Watoto Wadogo

Mtu akitaka kuwa seremala humwendea fundi, akakaa naye, akajifunza kushika randa na msumeno. Atakaye kuwa mwashi au mshonaji hufanya vivyo hivyo. Mtu anayejifunza kazi kwa fundi huitwa mwanagenzi, na kujifunza kwake huitwa uanagenzi. Zamani, katika miji ya pwani, mwanagenzi alipokwisha kuhitimu alimpa fundi wake kilemba, yaani zawadi ya kumshukuru, na tangu siku hiyo yeye naye alihesabiwa kuwa fundi.

Lakini iko kazi moja ambayo watu wengi hudhani kwamba haina fundi wala mwanagenzi, nayo ni kazi ya kutunza watoto wadogo. Husema, "Kumwangalia mtoto ni kazi gani? Hata msichana mdogo aweza." Ni kweli kwamba wengi wenu mmewabeba wadogo zenu mgongoni, mkawabembeleza na kuwalisha uji. Hayo ni mema, na ndiyo mwanzo. Lakini kumshika ndugu yako mmoja, mama akiwa karibu, ni jambo moja. Kukabidhiwa watoto wa watu wengine, mama zao wakiwa mbali kazini, ni jambo jingine. Katika somo hili tutaona jinsi kazi hiyo ilivyopata kufundishwa katika kijiji kimoja cha Ulaya, na mambo ambayo mwanagenzi wake hujifunza hata leo.

Kijiji cha New Lanark

Katika nchi ya Uskoti, iliyo kaskazini ya Uingereza, uko mto uitwao Clyde. Kando ya mto huo mtu mmoja, jina lake David Dale, alijenga viwanda vya kusokota pamba, navyo vikaanza kazi mwaka 1786. Maji ya mto ndiyo yaliyozungusha mitambo. Kijiji cha wafanya kazi kiliitwa New Lanark. Humo walifanya kazi wanaume na wanawake, na watoto pia, wengine wakiwa na umri wa miaka 6 au 7 tu. Walianza saa kumi na mbili asubuhi, wakaacha saa moja jioni. Baada ya hapo ndipo walipopelekwa darasani, nao kwa uchovu hawakuweza kushika neno.

Mwaka 1800 kazi ya kusimamia viwanda hivyo ilishikwa na Robert Owen, aliyezaliwa katika nchi ya Wales mwaka 1771. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Owen alipokuwa na miaka 10 aliondoka kwao, akawa mwanagenzi wa mwuza nguo katika mji wa Stamford. Basi alijua mwenyewe maana ya kujifunza kazi katika nyumba ya mtu mwingine.

Owen alikataza watoto wasiotimiza miaka 10 wasiandikwe kazi kiwandani. Kisha akawatazama walio wadogo zaidi. Mama zao walikuwa kiwandani tangu alfajiri, nani atawaangalia? Tarehe 1 Januari 1816 alifungua nyumba kubwa ya mafunzo, na ndani yake palikuwa na shule ya watoto wadogo. Mtoto alipokelewa mara alipoweza kutembea kwa miguu yake.

Sasa ilikuwa lazima kupata walezi. Owen hakuwataka walimu waliozoea kufundisha kwa vitabu na kwa fimbo. Alimchagua mfuma nguo mmoja, James Buchanan, ambaye kusoma na kuandika kwake kulikuwa kwa shida. Pamoja naye alimchagua Molly Young, msichana wa kiwandani mwenye umri wa miaka 17. Watu walishangaa, lakini Owen alikuwa na sababu zake. Wote wawili waliwapenda watoto, walikuwa na subira isiyokwisha, tena walikuwa tayari kufundishwa. Alijua kwamba elimu ya vitabu yaweza kuongezwa baadaye. Lakini mtu asiyependa watoto ni vigumu kumtia upendo huo kwa mafunzo.

Owen alipokuwa mzee aliandika habari za maisha yake, nazo zilipigwa chapa mwaka 1857. Humo alieleza maagizo aliyowapa wanagenzi wake wawili. Agizo la kwanza lilikuwa hili: wasimpige mtoto yeyote kamwe, wala wasimtishe kwa neno au kwa tendo, wala wasimtukane. Waseme na watoto kwa uso mkunjufu na sauti ya upole. La pili, kila mtoto aambiwe kwamba yampasa kuwafurahisha wenzake, na wale wa miaka 4 hata 6 wawatunze walio wadogo kuliko wao. La tatu, wasiwasumbue watoto kwa vitabu, bali wawaeleze mambo ya vitu vilivyo karibu nao, kila walipoonyesha hamu ya kujua. Ukutani palitundikwa picha za wanyama na ramani, na vitu vya kutazama vililetwa kutoka bustanini, mashambani na mwituni. Hali ya hewa ilipokuwa njema watoto walicheza nje. Tena waliimba na kucheza ngoma.

Habari za shule hiyo zilienea, na maelfu ya wageni walikwenda kuitazama.

Mjeledi wa London

Baada ya miaka michache waungwana wa London walitaka shule ya namna ile ile katika mji wao, wakamwomba Buchanan awe mwalimu wake. Owen akamruhusu. Siku moja Owen alikwenda kuitazama shule hiyo mpya. Anasema kwamba alipoingia alimwona mke wa Buchanan ameshika mjeledi, anawatisha watoto, na Buchanan mwenyewe yupo upande mwingine wa chumba kama mtu asiye na amri. Walipomwona Owen, wakauficha mjeledi.

Hayo ni maneno ya Owen peke yake, wala haifai kumhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Lakini fikirini neno lililomo. Shule ya London iliweza kuwa na jina lile lile na mwalimu yule yule. Palipoingia mjeledi, haikuwa tena shule ile ya New Lanark. Maana kazi hii haimo katika nyumba wala katika vyombo. Imo katika mkono, uso na ulimi wa mlezi. Akiugeuza moyo wake, shule yote imegeuka.

Uanagenzi wa siku hizi

Viwanda vya New Lanark havisokoti tena kama zamani za Owen, lakini nyumba ya mafunzo ingali imesimama, na watu huenda kuitembelea. Katika Uskoti hiyo hiyo kazi ya kutunza watoto sasa ina sheria zake. Kijana aliyetimiza miaka 16 aweza kuandikwa kuwa mwanagenzi katika shule ya watoto wadogo, ambayo sisi huiita chekechea. Hulipwa mshahara anapojifunza. Kwanza mambo yake ya nyuma huchunguzwa, ili ijulikane kama ni mtu wa kuaminiwa. Kisha hufanya kazi chini ya mlezi aliyekwisha kuhitimu, na mara kwa mara huja mtu wa kumpima, akamtazama kazini na kusoma aliyoyaandika.

Tena hesabu ya walezi imewekwa. Kwa watoto walio chini ya miaka 2, mlezi mmoja hapewi zaidi ya watoto 3. Kwa wale wa miaka 2 ambao hawajatimiza 3, hapewi zaidi ya 5. Na kwa waliotimiza miaka 3 na kuzidi, ambao hawajaanza shule, hapewi zaidi ya 8. Na tangu tarehe 7 Novemba 2020 sheria ya Uskoti haimruhusu mtu yeyote kumpiga mtoto kwa kumwadhibu, hata akiwa mzazi wake. Agizo ambalo Molly Young alipewa katika kijiji kimoja limekuwa sheria ya nchi nzima baada ya miaka 204.

Mambo ya kwanza ya kujifunza

Je, mwanagenzi huyo hujifunza nini siku zake za kwanza? Haanzi kwa kufundisha herufi. Huanza kwa mambo ambayo mtu mwingine angeyaona kuwa madogo.

Kwanza, hujifunza kuhesabu. Watoto wakitoka uani huwahesabu. Wakirudi huwahesabu tena. Hujua majina yao, na chakula gani kimdhuru nani, na nani ana ruhusa ya kumchukua mtoto yupi jioni. Mtu asiyejulikana hapewi mtoto, hata akisema kwa maneno matamu kwamba ni mjomba wake.

Pili, hujifunza usafi na usalama. Hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugawa chakula na baada ya kumbadilisha mtoto nepi. Mtoto mchanga humlaza chali, wala si kifudifudi, kisha humtazama mara kwa mara alalapo. Matunda madogo ya mviringo kama zabibu huyakata kwa urefu, maana tunda zima laweza kumkaba mtoto kooni. Mtoto akianguka, hata kama alama ni ndogo, huandika saa na mahali, akamwambia mzazi jioni. Hafichi.

Tatu, hujifunza kusema na mtoto. Hapigi kelele kutoka upande wa pili wa chumba, bali humwendea, akachutama hata macho yao yakawa sawasawa. Kabla ya kumwinua humwambia, "Sasa nitakuinua." Hata asiyejua kusema bado husikia sauti, na kwa kusikia ndivyo anavyojifunza lugha. Mtoto akilia kwa kuachwa na mama, mlezi mwema hamwambii mama atoroke kwa siri. Humwacha aage, kisha humkalia mtoto karibu hata atulie. Mtoto aliyetorokwa leo, kesho atamng'ang'ania mama yake mara mbili.

Nne, hujifunza kutazama na kuandika, na hili huwashinda wengi. Mwanagenzi mpya akiandika, "Mtoto huyu ni mkaidi," mkuu wake humwuliza, "Uliona nini?" Hapo huandika upya: "Alitupa kijiti mara mbili, baada ya mwenzake kumnyang'anya mpira." Maneno ya kwanza ni hukumu, ya pili ni habari. Kwa hukumu hatujui la kufanya. Kwa habari twajua mara moja: mtoto huyu ahitaji kufundishwa kuudai mpira wake kwa kinywa.

Tano, hujifunza kutonyamaza palipo na hatari. Mtoto akimwambia kwamba mtu fulani anamwumiza, mlezi humsikiliza kwa utulivu. Hamwahidi kuifanya siri, wala hamhoji kama askari. Siku ile ile humpasha habari mkuu wake, hata kama anayetajwa ni mtu wa heshima.

Kwa nini kazi hii ni ngumu

Seremala akiharibu ubao, hutafuta mwingine. Mshonaji akikosea, hufumua akashona tena. Lakini mtoto hafumuliwi. Tena ubao haumtazami seremala, bali mtoto humtazama mlezi wake mchana kutwa: jinsi anavyokasirika, jinsi anavyosema na mpishi, jinsi anavyoomba radhi. Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Kwa hiyo mwanagenzi wa kazi hii ana vitu viwili vya kuchonga kwa pamoja, mtoto na nafsi yake mwenyewe, na hicho cha pili ndicho kigumu zaidi.

Basi msimdharau mtu mwenye kazi hii, wala msiseme kwamba ni ya wale waliokosa kazi nyingine. Na wewe uliye na mdogo wako nyumbani, waweza kuanza uanagenzi wako leo bila kulipa kilemba. Atakapolia, usikimbilie kumnyamazisha kwa kofi wala kwa vitisho vya zimwi. Mtazame kwanza ujue analilia nini. Ukiisha kujua, umejifunza somo la kwanza la ufundi huu.

Maswali

1. Mwanagenzi ni mtu gani? Kilemba cha fundi kilikuwa nini?
2. Kwa nini Owen alimchagua Molly Young, ingawa alikuwa msichana wa miaka 17?
3. Taja maagizo matatu ambayo Owen aliwapa walezi wake.
4. Kuna tofauti gani kati ya kuandika "Ni mkaidi" na kuandika ulichokiona?
5. Mtazame mtoto mdogo wa nyumbani kwenu anapocheza. Andika mambo matano aliyoyafanya, bila kutia hukumu hata moja.