SOMO LA MOTOKAA: BARIDI YA ASUBUHI TABORA

Kwa Wanachama wote,

Baadhi yetu tuna jamaa Tabora, na wako wanaosafiri huko kwa motokaa. Malalamiko yao ni ya namna moja: motokaa iliyokuwa ikiwaka mara moja tu huku pwani, ikifika Tabora mwezi wa Juni au Julai, alfajiri hukohoa, hutetemeka, na pengine hukataa kabisa. Mwenyewe hununua betri, kisha plagi, kisha pampu, na fedha za karafuu zikesha hali ugonjwa ungalipo. Somo hili ni la kuzuia hasara hiyo.

Kwanza tuelewe mahali penyewe. Njia ya misafara ya zamani ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikafika Tabora, na ikaishia Ujiji. Wapagazi waliipanda kwa miguu kwa muda wa wiki nyingi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Neno “kupanda” ni la kweli, maana Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka mpaka karibu digrii 15, na hewa yake imepungua uzito kwa kadiri ya sehemu moja katika nane.

Hata hivyo, digrii 15 si baridi kali. Motokaa nzima huwaka hata penye theluji. Basi yafaa tujue kwamba baridi ya Tabora haileti ubovu, bali hufichua ubovu uliokuwa umefichwa na joto la pwani. Kazi yetu ni kuutafuta ubovu huo kwa taratibu, tukianza na jambo lisilo na gharama.

1. Sikiliza stata. Ikizunguka kwa uvivu, shaka ni ya umeme. Hewa ya chumvi ya visiwani kwetu hula ncha za betri na kuzitia unga mweupe au wa kijani. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Osha ncha kwa maji ya magadi, bila ya kuyaacha yaingie ndani ya betri; sugua, kausha, kaza barabara, upake grisi. Waya wa hasi urudishwe mwisho. Tazama pia pale waya huo unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, maana kutu ya hapo husahauliwa. Ndipo upime betri: ikiwa imelala usiku kucha, volti 12.6 ni kujaa, na 12.2 ni nusu. Stata inapozunguka, zisishuke chini ya 9.6.

2. Stata ikizunguka vizuri, lakini injini haishiki. Kwa motokaa ya pampu ya umeme, fungua ufunguo bila ya kupiga stata, ngoja nukta mbili, funga. Rudia mara mbili, kisha washa. Ikishika upesi, inaelekea petroli hurudi nyuma au huvuja usiku, na pampu ikaguliwe kwa sababu hiyo. Kwa motokaa ya zamani yenye kabureta, hakikisha choki inafunga sawasawa.

3. Ikishika, lakini hutetemeka mpaka ipate moto. Toa plagi injini ikiwa baridi, uzisome. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi meusi makavu ni dalili ya petroli kuzidi hewa. Kabureta iliyorekebishwa pwani hufanya hivyo ikipanda bara, na chujio la hewa lililojaa vumbi la njiani huzidisha. Plagi iliyolowa petroli aghalabu haikutoa cheche. Mipira ya hewa nayo itazamwe kama imepasuka.

Motokaa za siku hizi zina kifaa kidogo kinachopima joto la maji ya injini ili petroli ikadiriwe. Mwambie fundi akisome kwa mashine yake alfajiri, kabla ya kuwasha. Injini iliyolala usiku kucha haiwezi kuwa na digrii 80. Kifaa kikisema hivyo, kinadanganya, nacho ndicho cha kubadilishwa.

4. Kwa gari la dizeli, ngoja taa ya kupasha moto izimike ndipo upige stata. Likitoa moshi mweupe na kutetemeka, kisha likatulia, huenda plagi moja ya kupasha imekufa. Zipimwe moja moja. Si lazima kununua zote.

Tahadhari ni tatu. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake huua bila ya mtu kujua. Usimwage petroli kwenye kabureta ili kulazimisha moto. Usilete sigara wala kibatari karibu na betri.

Mwisho, kila mwanachama aandike kwenye karatasi alichosikia, alichopima na rangi ya plagi alizoziona, ampe fundi karatasi hiyo kabla ya kumpa fedha. Fundi mwema hatachukia kuulizwa, “Umepima nini hata useme pampu imekufa?” Na asiyependa kuulizwa hivyo, afadhali umtafute mwingine.

Wasalaam,
Katibu wa Chama