Kusaidia na Kusaidiana

Wasomaji wetu wanaojifunza Kiingereza hukutana na neno "mutual", na wengi hulitumia bila kulipima. Asili yake ni Kilatini, mutuus, yaani kitu cha kukopeshana au kubadilishana. Basi tangu shina lake neno hili ladai pande mbili: huyu atoa, na yule naye atoa.

Waingereza wenyewe hubishana juu yake. Charles Dickens alitoa riwaya yake Our Mutual Friend miaka ya 1864 na 1865, na wako wajuzi wa lugha wasioridhika na jina hilo. Wasema kwamba rafiki wa watu wawili ni rafiki yao wote; haielezi kama hao wawili wapendana.

Kiswahili chetu huepuka utata huo kwa kiambishi -ana: penda, pendana, amini, aminiana, kopesha, kopeshana. Lakini tuangalie: onekana na patikana si za jamii hii, ingawa mwisho wafanana.

Sasa tutoke Mchafukoge, tuvuke Mnazi Mmoja, tuingie Kariakoo. Mwuzaji ataja bei, mnunuzi ashusha, mwisho wapatana. Neno hilo latokana na pata. Aliyelazimishwa kununua hakupatana na mtu, hata kama fedha amelipa.

Tofauti hii si ya darasani tu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, likawafukia watu. Waliokuwa karibu walichimbua kifusi, wengine kwa mikono mitupu. Tusemeje juu yao? Waliwasaidia walionaswa, wasitazamie malipo. Na wao kwa wao, katika kupokezana mawe, walisaidiana. Maneno yote mawili ni ya heshima, lakini kila moja lina mahali pake.

Kosa ni kuliweka la pili mahali pasipo haki. Tajiri asema, "Mimi na hamali wangu twasaidiana," kumbe ujira humpunja, na siku ya ugonjwa hamjui. Mgongo ulioinama ni mmoja tu. Hapo -ana imegeuzwa pazia la kuficha dhuluma.

Kwa hiyo, kabla ya kulitamka neno la namna hii, yatupasa tujiulize swali moja: je, mwenzetu, akiulizwa peke yake, angelitamka vilevile? Kama sivyo, tuseme kweli: yeye asaidia, sisi twasaidiwa. Kisha tuanze kulipa deni.