Dondoo Muhimu: Kukadiria Maji Yashukayo Katika Udongo wa Mfinyanzi

Atakaye kujua ni kadiri gani ya mvua za masika hufikia hazina ya maji chini ya ardhi ya Busia na Malaba, na aanze kwa kisima: apime kina cha maji alfajiri, kabla ndoo ya kwanza haijateremshwa, kwa utepe uliopakwa chaki, tangu Machi hadi Juni, kisha azidishe kimo ambacho maji yamepanda kwa sehemu ya ujazo wa udongo iwezayo kuachilia maji. Hapa ndipo wengi huteleza. Udongo wa mfinyanzi waweza kuwa na nafasi wazi zipatazo asilimia 45, lakini huyashika maji kwa ubahili, ukaachilia asilimia 2 au 3 tu. Hivyo kisima kilichopanda mita 1 chaonyesha milimita 20 hadi 30 za maji mapya, wala si 450.

Makadirio hayo yathibitishwe kwa kloridi, sehemu ya chumvi: kiasi kilichomo katika mvua, kikigawanywa kwa kilichomo kisimani, hutoa sehemu ya mvua iliyoshuka, maana maji hupaa kwa mvuke na chumvi husalia. Visima vilivyo jirani na vyoo vya shimo, hasa Malaba mjini penye msongamano wa watu na malori, viepukwe kabisa, kwani chumvi ya mkojo huyafanya maji yashukayo yaonekane haba kuliko yalivyo.

Tena nyufa za kiangazi zisidharauliwe: mvua za mwanzo hupenya humo kabla udongo haujavimba na kuziziba, kwa hiyo katika majuma ya mwanzo wa masika mvua ipimwe kila siku, si kwa wastani wa mwezi.