Ganzi Wakati wa Kuchukua Kinyama cha Tezi Dume

Tezi dume ni kiungo cha mwanamume kilicho chini ya kibofu cha mkojo na mbele ya njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume.

Daktari akikuta tezi ni ngumu, au kipimo cha damu kiitwacho PSA kimepanda, huweza kushuku saratani. Shaka hiyo huthibitishwa au kuondolewa kwa kuchukua vipande vidogo vya tezi na kuvitazama kwa hadubini. Kipimo hiki huitwa biopsi, au kwa lugha ya kawaida, kuchukua kinyama. Mgonjwa wa Arusha anaweza kupewa rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo, kwa mfano katika Hospitali ya KCMC, Moshi, umbali wa kilomita 80 hivi.

Kwa njia iliyozoeleka, mgonjwa hulala ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea kifuani. Kifaa cha ultrasaundi huingizwa kwenye njia ya haja kubwa ili tezi ionekane kwenye skrini. Kisha sindano yenye unene wa milimita 1.2 hivi, inayosukumwa na springi, hutoa mlio mkavu na kukata kipande chembamba kama uzi. Kwa kawaida huchukuliwa vipande 10 hadi 12.

Maumivu hutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni mlango wa haja kubwa, unapotanuliwa na kifaa. Ngozi yake ina hisia kali. Ya pili ni tezi yenyewe, hasa gamba lake, sindano inapolipenya. Hisia za tezi hupita kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazoifikia kwa nyuma na pembeni.

Neva hupeleka taarifa kwa umeme mdogo. Kwenye utando wake mna vijilango. Neva ikiguswa, vijilango hufunguka, chembe za sodiamu zenye chaji huingia, na msukumo husonga mbele hadi kwenye uti wa mgongo, kisha ubongo. Hapo ndipo mtu husikia maumivu.

Dawa ya ganzi iitwayo lignokaini, iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren, huziba vijilango hivyo kwa muda. Mkulima wa Tengeru anapoziba mfereji unaoshuka kutoka Mlima Meru, maji hubaki juu lakini hayafiki shambani. Vivyo hivyo, sindano hukata kinyama, lakini taarifa haifiki kwenye ubongo.

Kwa sababu vyanzo ni viwili, ganzi nayo huweza kutolewa kwa namna mbili. Jeli ya lignokaini hupakwa kwenye mlango wa haja kubwa. Kisha, kwa kuongozwa na ultrasaundi, dawa huchomwa kuzunguka neva za tezi, mbinu iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1996. Mara nyingi hutumika mililita 10 za dawa ya asilimia 1, sawa na miligramu 100. Baada ya hapo inafaa kusubiri dakika kadhaa, kwa kuwa dawa huhitaji muda wa kupenya hadi ndani ya neva. Ganzi ikishashika, mgonjwa huweza bado kuhisi msukumo na kusikia mlio, ila maumivu hupungua sana.

Kabla ya kipimo, mgonjwa amweleze daktari kama dawa ya ganzi imewahi kumdhuru, au kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Aulize pia atapewa ganzi ya aina gani, na akisikia maumivu makali aseme papo hapo, kwani kazi inaweza kusimamishwa na dawa kuongezwa kwa kiasi salama. Baadaye, damu kidogo kwenye mkojo ni jambo la kawaida. Homa, kutetemeka au kushindwa kukojoa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Hofu ya maumivu isimfanye mwanamume aahirishe kipimo hiki. Ganzi ni sehemu ya matibabu yake, naye ana haki ya kuiulizia bila haya.